Kirusi Nimekishika Mimi

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta ya nyumbani inaumwa. Nimeiwasha asubuhi niendelee na drafti, ikaniletea picha ya mwanamke anayenipongeza kwa kushinda gari. Nikaifunga. Zikaja nyingine mbili. Gari lenyewe zuri, ila sikumbuki kushindania chochote.

Mchezo wa drafti niliushusha mtandaoni wiki jana, wa bure kabisa. Kinyozi wa mtaa wetu ananifunga kila jioni mbele za watu, nikataka kujinoa kimyakimya. Mke wangu hajui. Yeye ni mwalimu, na ndani ya kompyuta hiyo mna kitabu chake cha hisabati cha darasa la tatu, kazi ya miaka miwili ya jioni na likizo. Mchapishaji anakitaka Ijumaa kabla ya saa sita mchana, la sivyo zamu inakwenda kwa mwingine. Nakala ya pili ilikuwa kwenye flashi. Niliifuta ili nakala ya drafti ipate nafasi humo.

Amebakiza ukurasa wa shukrani tu. Nimemdokezea kwamba mimi ndiye ninayemchemshia chai. Akasema atafikiria. Kaka yake, huyu shemeji yangu fundi kompyuta, tayari yumo. Kwa lipi? Alileta kipanya cha kompyuta.

Shemeji simwiti ng'o. Akigusa tu atauona mchezo, na akiuona yeye, mama mkwe atakuwa na habari kabla ya chakula cha mchana. Nitaiponya mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuuliza kinyozi kwa kuzungukazunguka: kuna rafiki yangu, kompyuta yake ina virusi, afanyeje? Akasema huyo rafiki yangu aiskani yote. Kisha akanifunga drafti.

Mke akiwa shuleni nikachomoa kompyuta, nikaifunika shuka, nikaibeba hadi steshenari ya kona. Nikamwambia mama mwenye duka naomba kuskani. Akauliza karatasi ziko wapi. Nikasema si karatasi, ni hii, yote. Akaitazama kompyuta, akaitazama mashine yake, akauliza nataka upande mmoja au pande zote mbili.

Nikasema zote mbili. Watu kwenye foleni walicheka hadi mmoja akakaa chini. Steshenari ile nimeihama.

Jumatano, 6 Machi

Mambo yananyooka. Mwanamke wa gari ametoweka. Badala yake limekuja onyo jekundu kwamba kompyuta yangu ina virusi mia tatu na ushee, nibonyeze hapa isafishwe bure. Angalau kuna mtu muungwana huko mtandaoni. Nikabonyeza. Akaja msafishaji wa pili akidai wa kwanza ndiye virusi. Nikamkaribisha naye. Wa tatu akawashutumu wote wawili. Sasa wanagombana humo ndani na kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga.

Mke amerudi, ameketi aandike shukrani. Herufi moja inatokea baada ya yeye kukohoa, kunywa maji na kuguna. Akauliza nimefanya nini. Nikasema ni joto. Akataka kumpigia kaka yake. Nikasema kaka yake ana shughuli zake, tusiwe watu wa kusumbua watu. Akanitazama jinsi anavyomtazama mtoto mwenye wino mdomoni.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua kosa langu. Siku zote hizi nilikuwa napambana kwa Kiingereza. Kiingereza cha kompyuta hakinikai kichwani. Nimeingia kwenye mipangilio, nikaigeuza iseme Kiswahili, na mara nikawa nasoma kila kitu bila kusaidiwa. Na palepale, kwenye orodha ndefu ya lugha, nikamwona adui. Kireno. Kiromania. Kirusi. Kiserbia.

Kirusi! Kimejibanza katikati ya lugha za watu, kinajifanya nacho ni lugha. Wasafishaji watatu hawakukiona, nimekiona mimi kwa macho yangu. Kimoja tu, kweli, wakati onyo lilisema mia tatu. Huyu atakuwa mkubwa wao.

Nikakibonyeza. Ikauliza kama nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika hivi tangu nioe. Ikazima, ikawaka. Maandishi yote yamegeuka. Kuna R inayotazama nyuma na N iliyopinduka. Kirusi kimekasirika.

Mke ameingia, ameitazama skrini muda mrefu. Hakupiga kelele. Akauliza tu kitabu chake kiko wapi. Nikasema kimo, ila kimetekwa. Akauliza flashi je. Ikabidi niseme. Akakaa kwenye kiti, akavua viatu, akalia bila sauti, mikono juu ya magoti. Ningependa aniseme, hata anitukane, lakini kulia kule kumeniuma sana. Nimempigia shemeji mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji amefika kabla ya chai, mama mkwe nyuma yake, na mama mkwe hakuitwa. Shemeji akatazama skrini, akauliza nani humu ndani anajua Kirusi. Nikasema mimi, nimekishika mwenyewe jana. Kisha akaeleza, mbele ya mama yake, kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi, kompyuta imefanya nilichoiamuru, na virusi vyenyewe viko kwingine. Mama mkwe akatoka nje ili asicheke mbele yangu. Dirisha lilikuwa wazi.

Shemeji akarudisha Kiswahili, akaanza kuskani kwa programu yake. Mstari wa kijani ukawa unatambaa. Mke wangu alishika ukingo wa meza, nami nikamshika bega mpaka akauondoa mkono wangu. Wakatoka wasafishaji wote watatu, na mwanamke wa gari. Mwisho shemeji akasoma kwa sauti chanzo cha yote: mchezo wa drafti wa bure. Akauliza ni wa nani. Nikatazama dari.

Kitabu kilikuwemo, kizima, hata mkwaju mmoja wa hesabu za sehemu haujaanguka. Mke akaandika shukrani zake mbiombio, akakituma saa tano na ushee. Akamkumbatia kaka yake. Mimi nilichemsha chai.

Jumapili, 10 Machi

Nimeuona ukurasa wa shukrani. Nimo! Mstari wa mwisho kabisa, naunakili: "Na mume wangu, kwani kitabu hiki kimekamilika licha ya juhudi zake zote." Juhudi zake zote. Nimeusoma tena na tena. Shemeji kaandikiwa kipanya.

Somo nimelielewa, sibishi. Kirusi ni lugha. Lakini kuna swali shemeji alilikwepa: kama ni lugha tu, mbona nilipokigusa kompyuta iliharibika? Fundi mzima, hajiulizi.

Leo nimeingia kwenye simu ya mke wangu, kwa usalama tu, kwa sababu humo ndimo mchapishaji atakamoleta jibu. Mipangilio. Lugha. Nikashuka taratibu. Kimo. Kimeikimbia kompyuta, kimehamia humu, palepale baada ya Kiromania.

Mke yuko bafuni, maji bado yanamwagika. Simu inaniuliza kama nina hakika.