Kilomita Tano na Salamu Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Kilomita tano kwa dakika arobaini na moja. Aibu! Jumamosi ni usaili wa chuo cha walimu wa michezo, na anayezidisha dakika thelathini hata jina haulizwi. Miguu yangu haina kosa. Nimechunguza: kosa ni salamu. Nimesimama mara kumi na moja. Mama mshonaji peke yake amekula dakika nne, akiulizia goti la mama, kisha goti la pili. Kumkatiza mtu mzima siwezi. Hata mtoto siwezi.

Jumanne, 5 Machi
Dawa imepatikana. Kaka ataninunulia saa janja, zawadi ya kumaliza shule. Wifi, ambaye anauza simu, ameniazima moja yenye laini yake ya simu hadi Jumapili niijaribu. Anasema laini ni gharama bure. Kwa mazoezi saa ya kawaida inatosha, simu nifunge kiunoni. Kiunoni nilishajaribu. Suruali ilishuka mbele ya kinyozi. Basi. Tena wifi hajui mpango wangu: aliye kwenye simu hasimamishwi!

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Nimepita mtaa mzima mkono mdomoni, nikisema, "Ndiyo, daktari. Nakuja mbio, daktari." Upande wa pili hakukuwa na mtu. Mama mshonaji alifungua mdomo, akaufunga. Dakika ishirini na tisa! Wifi anasema kwa mchezo huo hata saa isiyo na laini ingetosha. Lakini huo ungekuwa uongo. Mimi nataka saa ambayo daktari angeweza kuipigia kweli.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekuta sebule imejaa. Mama mshonaji, kinyozi na muuza mboga wamekuja kumpa mama pole ya mgonjwa. Mama akauliza mgonjwa yupi. Wote wakanigeukia. Nilikusudia kusema ukweli, ulimi ukagoma. Nikasema anaendelea vizuri. Mama mshonaji akaomba namba ya saa, awe anamjulia hali. Nimnyime mtu mzima namba? Nimempa. Tangu waondoke, mama anaosha vyombo kwa kishindo.

Jumamosi, 9 Machi
Kilomita ya nne, dakika ishirini na mbili. Nilikuwa wa tatu! Mkono ukaita. Mama mshonaji. Simu ya mtu mzima haikatwi. Nikapokea huku nakimbia, nahema. Yeye akasikia kilio.

"Usilie, mwanangu. Amekwenda saa ngapi?"

Nikasimama. Mambo ya kifo hayajibiwi kwa mbio. Nikatafuta maneno, kabla sijayapata akampa kinyozi simu, naye anipe pole. Kinyozi akampa muuza mboga. Dakika thelathini na sita. Mkufunzi, mama mrefu mwenye filimbi, akauliza kilichonisimamisha. Nikasema ni simu ya msiba. Akanishika bega, akanipa nafasi nyingine Jumamosi ijayo. Ya mwisho, alisema.

Jumapili, 10 Machi
Wifi amekuja kuchukua saa yake na jibu: laini inafaa au haifai? Nimemwambia inafaa sana. Haikukatika hata mara moja, hadi muuza mboga alipomaliza. Akanitazama, akaondoka bila kunywa chai.

Kasoro nimeigundua: nilikuwa naongea. Kuanzia kesho nakimbia na bandeji kubwa kooni. Mwenye koo bovu hawezi kusalimia, na hakuna atakayemuuliza chochote.