Uzinduzi wa Chumba cha Kupimia Damu ya Kwaya ya Mapafu

Mheshimiwa Meya ambaye ametuma salamu, Mheshimiwa Naibu Meya ambaye ametuma salamu za kuunga mkono salamu za Meya, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Afya, wa Kamati Ndogo ya Afya na wa Kamati ya Kuratibu Kamati, muuguzi wetu mpendwa Solvej, mafundi wastaafu wa kiwanda cha meli hapa Nørrehavn, na ninyi wagonjwa wa mapafu mnaoimba kwaya kila Jumanne ili pumzi zisiwakimbie: mimi, Mwenyekiti wa Afya, Mheshimiwa Preben Hvidtfeldt... (Sauti kutoka nyuma: "Preben, acha hizo! Tulikaa dawati moja!" Kicheko, kisha kikohozi kirefu.)

Asanteni. Kikohozi hicho nakipokea kama makofi.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi mwenye ugonjwa sugu wa mapafu akihema kupita kiasi tulisema ni mapafu hayo, basi, tukamwongezea dawa ya kuvuta. Lakini Solvej ametugongea mlango wa kamati mara kumi na moja, kwa takwimu nilizokusanya mwenyewe, akisema wengine wamepungukiwa damu pia. Kwamba uvimbe unaofukuta ndani kwa ndani kwa sababu ya ugonjwa huu huufanya mwili ukifungie chuma chake wenyewe, yale madini ya kutengenezea damu, kwa hiyo chuma kipo, ila damu mpya haikipati. Nilipolisikia hilo nilihuzunika sana, na siku hiyo hiyo nikaunda kikosi kazi. (Makofi machache. Solvej anatazama dari.)

Kikosi kazi hicho, kwa mtazamo shirikishi, mtambuka na endelevu, kiliketi vikao kumi na vinne, kikala keki za mdalasini zisizo na idadi, kikaandaa stratejia yenye nguzo saba, na kikabaini pasipo shaka kwamba asilimia mia moja ya wagonjwa waliohojiwa wana damu. (Kicheko.) Chekeni tu, lakini kabla ya uongozi wangu takwimu hiyo haikuwepo!

Namwona hapo mbele dada yetu Gudrun Lykkegaard, aliyechomelea meli miaka thelathini, ambaye siku hizi, naambiwa, akishatandika kitanda hana budi kukilalia tena. Mwaka jana wajukuu waliuzunguka mti wa Krismasi wakiimba, yeye akabaki kitini akipiga makofi. Mwaka huu anataka kushikana nao mikono wauzunguke pamoja, na anataka kujua kama kinachommaliza ni mapafu peke yake au na damu, maana ikiwa ni damu huenda kuna la kufanya. Tazameni, amekuja na mkono wa sweta umekunjwa hadi juu ya kiwiko. Huo ndio utayari wa mwananchi!

("Preben, baridi inaniingia. Sindano iko wapi?")

Inakuja, dada, iko katika awamu ya pili.

("Na awamu ya kwanza ni nini?")

Awamu ya kwanza ni mimi. (Kicheko kikubwa. Gudrun anacheka pia, kisha anashika kifua.)

Sasa, kabla sijakata utepe, tushangilie kwa desturi yetu, hurraa tatu fupi na moja ndefu. Damu kwa wote! ("Hurraa!") Pumzi kwa wote! ("Hurraa!") Kamati kwa wote! ("Hurraa," hafifu.) Na ile ndefu! (Ndefu inakatikia njiani. Bendera za karatasi zinapepea kwa kikohozi.)

Nahitimisha kwa shukrani. Namshukuru seremala kwa mlango huu mweupe, ambao rangi yake niliichagua mimi, na ambao naomba asitokee mtu wa kuusukuma, kwa kuwa umegongomelewa ukutani na nyuma yake ni maegesho ya baiskeli. Nawashukuru wanakamati kwa keki. Namshukuru Solvej kwa kuijaza ile fomu ya kuombea chumba, mashine na sindano, fomu iliyobakiza sahihi moja tu, ya Mwenyekiti, ambayo haikupatikana kwa sababu Mwenyekiti alikuwa anaandika hotuba hii. Kahawa iko mezani, karibuni sana.

Na wewe, dada Gudrun, teremsha mkono wa sweta, usije ukapata mafua.

(Gudrun hateremshi.)