Gari Iliyopita Bila Kulipa Bariere

Jumatatu, 6 mwezi wa nane 2012

Nimeamka juu ya magunia ya maharagi. Mugongo unauma. Matela, godoro letu la maua, haiko! Jana Kaswera, bibi yangu, aliifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki ya Samy, anayebeba watu mpaka Sake, akapanda, akaenda Sake kwa kaka yake. Sababu: bata. Nilikuwa na proje ya kufuga bata niwauze. Bata wakala shamba la maharagi la jirani yetu, Mama Emérence, mpaka mizizi. Kosa la bata, si langu. Kaswera hakutaka kuelewa. Amesema atarudi Jumapili, lakini nikae juma zima bila proje. Hata moja. Mama Emérence njo shahidi. Ana simu, na kule juu ya kilima rezo inashika, atampigia Kaswera yote.

Juma moja tu! Rahisi. Mimi ni Mbusa, muzaliwa wa Butembo, mwenye duka la chumvi na sabuni hapa Nyabiondo. Si mutoto.

Asubuhi redio imesema Wamarekani wametua gari kwenye sayari ya Mars. Magurudumu sita, bila shofele wa kuiendesha. Imesafiri zaidi ya miezi nane, ikafungua parashuti, halafu ikashushwa kwa kamba. Nimeongeza sauti ili wateja wote wasikie.

Swali la kwanza la Samy: imelipa bariere ngapi? Nimemwambia hakuna. Toka Amerika mpaka Mars hakuna bariere hata moja. Samy amekaa chini kwanza. Yeye toka Sake mpaka hapa anasimamishwa na vijana wa bunduki kila kilima, anatoa kitu. Akasema basi Mars si mbali.

Mama Emérence ameuliza kama kule kuna watu. Hakuna. Akauliza wamekimbia nini. Nimesema hawakukimbia, hawakuwako toka mwanzo. Hakuamini. Anasema mahali pasipo na watu, lazima kuna kitu kilipita.

Polycarpe naye amesema ni uongo mutupu. Huyu Polycarpe njo prezida wa kila komite hapa: ya maji, ya chandarua, ya mbegu. Ana kofia ya kila shirika. Sijamuona siku moja na shati aliyonunua mwenyewe. Anasema helikopta inashindwa kushusha mufuko wa muchele bila kuupasua, sembuse gari kwa kamba! Ninamuchukia kidogo. Si sana. Kidogo cha kila siku.

Jumanne, 7 mwezi wa nane

Nimelala vibaya lakini wazo limekuja. Hii si proje.

Nimefikiri hivi. Shirika likitaka kuleta kitu, linaanza namna gani? Gari moja inakuja. Inapiga picha. Inachota udongo. Inauliza maji iko wapi. Inaondoka. Miezi inapita, na siku moja shitingi za kuezekea, majembe na biskuti vinashuka. Sasa gari ya Mars inafanya nini? Redio imesema: inapiga picha, inachota udongo, inatafuta alama za maji. Ni vilevile! Na kule hakuna watu. Biskuti watampa nani? Watahitaji watu. Na sisi watu tunao, tena wenye mazoea ya kuhama.

Kinachokosa ni komite. Komite si proje. Komite ni watu wamekaa.

Nimeita mukutano mbele ya duka. Wamekuja wengi, kila muntu na kopo la maharagi kama muchango. Kiti cha prezida nilikiweka mimi mwenyewe, nikaingia ndani kuvaa koti langu la harusi. Nimetoka, nani amekikalia? Polycarpe! Yule wa uongo mutupu! Wamemuchagua kwa mikono yote. Hata wangu uliinuka, kwa mazoea.

Bon. Nimefikiri haraka. Nimetangaza kwamba juu ya prezida kuna Muwakilishi. Muwakilishi wa gari yenyewe, kwa Masisi yetu na Walikale ya jirani, zote mbili. Gari iko chini yangu. Polycarpe ameuliza cheo hicho kimetoka wapi. Nimesema juu, nikaonyesha mbingu kwa kidole. Nani angebisha?

Mama Emérence ameuliza kama hii ni proje. Nimesema ni sayansi. Amechukua simu yake, akaelekea kilimani.

Jumatano, 8 mwezi wa nane

Siku ya soko. Nimesimama juu ya kreti ya bia, na koti. Nimeeleza Mars kwa soko lote: baridi, udongo mwekundu, kimya. Vijana wawili wanaochimba madini kule Rubaya wamecheka. Wamesema hakuna muntu anasafiri miezi nane kwa ajili ya udongo wa bure. Ni coltan hiyo. Wakauliza kama Muwakilishi anachukua wabebaji. Mama mumoja wa muhogo ameuliza kama udongo wa kule unakubali muhogo. Nimesema bado wanapima. Jibu zuri sana hilo! Nimelitumia kutwa.

Kisha akaja Mama Gentille. Alikimbia toka upande wa Walikale na watoto wake, wanalala ndani ya darasa la shule yetu. Mwezi wa tisa wanafunzi watarudi, yeye itabidi atoke, na hajui pa kwenda. Ameuliza polepole kama ni kweli kule hakuna muntu wa bunduki. Nimesema kweli. Hata mumoja? Hata mumoja. Akauliza kama gari inakubali muntu apande na sufuria yake.

Nimesema bado wanapima. Safari hii jibu halikunipendeza.

Kabla ya giza nimemuona Mama Emérence anapanda kilima tena. Mara ya pili! Kaswera atajua kila kitu. Na maharagi ya komite yamejaa nyuma ya duka. Huo njo ushahidi wenyewe kwamba nina proje.

Alhamisi, 9 mwezi wa nane

Asubuhi nimebeba maharagi yote shuleni, nikampa Mama Gentille, agawie na wenzake. Ushahidi umekwisha! Yeye alishika mikono yangu, akalia. Akauliza kama hicho ni chakula cha njia ya kwenda Mars. Nimeona haya. Kweli nimeona haya. Nimesema ni chakula cha leo tu, mama, kula, nikaondoka haraka.

Sijafika dukani, vijana wa bariere wamenifuata. Bariere yetu ni muti umelazwa juu ya nguzo mbili, kukata barabara chini ya soko. Mukubwa wao tunamuita Afande. Ni muntu mutaratibu. Amesema amesikia kuna gari imepita juu ya eneo lake bila kulipa, na muwakilishi wa hiyo gari ni mimi.

Yesu na Maria!

Nimemueleza kwamba uwakilishi wangu ni mudogo sana, ni wa heshima tu, na kwamba mukubwa wa komite ni Polycarpe. Wamemuita. Amefika na kofia mukononi, sauti ya kanisani. Amesema komite inashughulika na biskuti. Mambo ya magari yako kwa Muwakilishi. Na akaonyesha mbingu kwa kidole, sawasawa na mimi!

Afande amechukua pano yangu, ile ya juu ya bati inayokula jua na kuchaji simu za wateja. Atairudisha gari ikilipa. Na mimi mwenyewe nitashika muti wa bariere, kupandisha na kushusha, mpaka hiyo siku. Nimeuliza siku gani. Amesema niulize gari, si iko chini yangu?

Ijumaa, 10 mwezi wa nane

Napandisha. Nashusha. Wateja wangu wote wanapita hapa, wanalipa, wananiangalia kama mimi njo mwizi. Mama mumoja anayeuza majani ya sombe amenilaani mimi na ukoo wangu mpaka Butembo. Polycarpe amepita na T-shirt ya chandarua. Amenitakia kazi njema, Muwakilishi.

Vijana wameweka pano ndani ya kibanda ili mvua isiipige. Wanashangaa haichaji. Jua wameliacha nje.

Mama Emérence amekuja mpaka hapa, ameniangalia sana, amerudi. Njia ya kilima tena. Basi, imekwisha. Kaswera hatarudi. Nitazeeka juu ya magunia.

Jumapili, 12 mwezi wa nane

Jana sikuandika, mikono ilivimba.

Leo baada ya misa nimeona kitu chenye maua kinakuja kwa mbali, juu ya kichwa cha Samy. Matela yetu! Na Kaswera amekaa kati. Moyo wangu ulipiga mpaka nikashindwa kupandisha muti.

Afande amekohoa. Amesema matela ni muzigo, na muzigo unalipa. Tena nimwambie mimi mwenyewe, hiyo njo kazi yangu. Nimemwambia. Sauti imetoka ndogo kama ya mutoto wa katekisimu. Nimemwambia bibi yangu wa ndoa kwamba matela yetu inalipa bariere.

Kaswera ameshuka. Ameangalia koti, ameangalia muti. Ameuliza kama hii ni proje. Nimesema hapana, hii ni azabu. Amesema afadhali.

Halafu amemugeukia Afande. Amemsalimia vizuri, ameuliza afya, ameuliza wazazi wake. Kisha ameuliza muti wake unafika juu mpaka wapi. Kifuani, kila muntu anaona. Na hiyo gari ilipita urefu gani? Afande amefikiri. Kaswera amesema basi, anayetaka kodi ya hiyo gari apandishe muti wake mpaka kule. Akasema: mume wangu atakushikia ngazi, anapenda sana kusimama juu ya vitu. Vijana wamecheka kwanza. Afande amejaribu kukaza uso, ameshindwa.

Hapohapo Kaswera akauliza hiyo pano imechaji simu ngapi. Hata moja. Amesema pano bila battery yake ni sinia tu, na battery iko dukani. Irudi nyumbani, na wao siku za soko walete simu zao, tutachaji bila kuwadai. Wamekubali! Pano imepita, matela imepita, mimi nimepita nyuma yao kwa miguu.

Hayo yote nilikuwa karibu kuyasema mwenyewe.

Nyumbani amenieleza. Emérence alimpigia habari zote: komite, cheo, koti. Kila mara Kaswera aliapa hatarudi. Halafu akasikia habari ya maharagi niliyompa Mama Gentille. Hapo aliacha kuapa. Na aliposikia niko bariere, akaomba kamba ya kufunga matela. Amesema kumbe una moyo, baba. Sikumusahihisha.

Jumatatu, 13 mwezi wa nane

Nimelala kwenye matela. Mugongo umepona. Niko na furaha, naandika wazi.

Asubuhi Mama Gentille alikuja kumsalimia Kaswera. Amesema habari ya Mars hakuiamini sana, lakini kama gari ingine itaenda, asisahauliwe. Kaswera hakucheka. Amemwambia shule ikifunguka watatafuta pamoja, na kwa sasa magunia yaondoke kwenye chumba cha nyuma ya duka, yeye na watoto walale humo. Hakuniuliza. Sawa, nimeyatoa magunia.

Kaswera ametoa sharti jipya, mbele ya Mama Emérence. Nikianza proje ingine hata moja, safari hii hatabeba matela tu. Atabeba na kitanda. Hata nikilia, hatarudi. Nimekubali kwa moyo wote. Nimejifunza. Kabisa!

Lakini nimefikiri jambo moja dogo. Siku ya soko vijana wa bariere watakaa dukani kwangu wakisubiri simu zao. Muntu anayesubiri anasikia njaa. Na hapa hakuna anayechoma bata.

Nimemuuliza Samy, kwa upole tu, kama pikipiki yake inaweza kubeba kitanda mpaka Sake. Amesema haiwezekani, na ile barabara! Hata akilipwa mara mbili.

Basi. Nimemwambia kesho aniletee bata. Waanze kumi tu. Hii si proje.