Vyama Vitatu kwa Wiki Moja

Jumatatu, 16 Mei. Gboko.
Nimetoswa. Miaka minne nimekaa kwenye bunge la jimbo kwa tiketi ya Chama cha Jembe, na leo mwenyekiti ananipigia simu, tena huku anatafuna, kuniambia kuwa safari hii tiketi ni ya Akosu Ityav. Akosu! Mwalimu wa jiografia aliyepotea njia akienda kwenye mkutano wake mwenyewe.
Uamuzi: nahamia Chama cha Taa. Si tamaa. Ni wito wa wananchi. Wananchi nitawaarifu kesho.

Jumanne, 17 Mei.
Nimemweleza mke wangu, Nguveren. Ni kiongozi wa akina mama wa Jembe mwaka wa kumi na tisa sasa, hajakosa kikao hata kimoja. Nikamwambia tunahama. Akaendelea kutwanga viazi vikuu. Akauliza hao Taa wana mpango gani na daraja lililosombwa na mto, maana watoto bado wanavuka kwa mtumbwi kwenda shule. Nikasema tupate kiti kwanza, daraja baadaye. Akasema hivyo ndivyo nilivyosema miaka minne iliyopita.
Yeye haendi popote, ana kikao saa kumi. Nampenda, lakini siasa hazijui.

Jumatano, 18 Mei.
Kwa mwenyekiti wa Taa. Alikumbuka kuwa niliwahi kuwaita panya, bungeni, mara tatu. Nikafafanua kwamba nilikusudia bidii ya panya. Akacheka sana. Nikauliza kuhusu tiketi. Akasema ipo. Tukapeana mikono. Imekwisha hiyo!

Alhamisi, 19 Mei.
Sherehe ya kupokelewa. Nilivaa vazi letu la asili, a'nger mpya, mistari myeusi na myeupe imenyooka kama nia yangu. Mabasi matatu ya wafuasi. Nikachana kadi ya Jembe mbele ya umati, nikainua ngumi, nikapaza sauti: Jembe oyee!
Mazoea tu.
Halafu mshereheshaji akamwita mgeni wa pili. Akosu! Kumbe alisikia nahama na watu wangu wote, akaogopa kubaki Jembe peke yake, akahama kunifuata. Wakamkabidhi tiketi ya Taa palepale, nikiwa bado nimeshika vipande vya kadi.
Nikamvuta mwenyekiti pembeni.
"Mheshimiwa," akasema, "nilikwambia ipo. Sikukwambia ni ya nani."

Ijumaa, 20 Mei.
Lakini nifikirie kwa utulivu. Akosu kaondoka Jembe. Kwa hiyo Jembe haina mgombea! Nikaunganisha kadi kwa gundi, nikawahi ofisini saa mbili asubuhi.
Wanawake walikuwa wanacheza ngoma uani. Wamempitisha Nguveren. Bila mpinzani, kwa robo saa.
Nikamwomba faragha. Nikamweleza kuwa ni heshima kubwa na sasa anipishe. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.
"Baba Sewuese, wewe ulihama jana. Mimi nilikuwa hapa."
Nikaenda kukaa kwenye gari. Kwa dakika moja hivi nilimwonea fahari. Ikapita.

Jumamosi, 21 Mei.
Nimekula peke yangu. Nguveren alishinda mtoni na fundi, wakipima mahali pa daraja. Nasikia watu mia mbili wamemfuata, na hakuna aliyewakodia basi. Dereva wangu yumo.
Sivunjiki moyo. Mchana nimegundua Chama cha Mtungi. Ofisi ni chumba nyuma ya kinyozi, na mwenyekiti ndiye kinyozi mwenyewe. Alinipa tiketi kabla sijakaa, nikadhani ananipa taulo. Hatimaye chama kinachotambua vipaji!
Nguveren aliporudi nikamjulisha kuwa sisi sasa ni wapinzani, na nikamwomba kura yake. Akasema atafikiria. Akanipakulia mchuzi.

Jumapili, 22 Mei.
Nimetia saini fomu ya Mtungi baada ya ibada. Nimeapa kufa nacho. Kisha nikamwuliza kinyozi kama kuna utaratibu wa mtu kuhama akishashinda. Akafungua droo. Ana fomu za Taa, ana za Jembe, zimepangwa vizuri chini ya mikasi.
Nimechukua mbili za Taa. Moja ni ya Nguveren. Nitampa leo jioni, akiwa ametulia.