Aliyehamisha Jina la Quinter

Kuna watu wanaosikia harufu ya nyama ya kuchoma kutoka mbali. Okwakol alisikia harufu ya wivu. Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai kando ya foleni ya matrela pale mpakani Malaba, andazi moja mkononi na la pili akilitongoza kwa macho, mzee mmoja mnene alipoanza kulalamika nyuma yake.

"Kila dereva ni Quinter, Quinter. Ukimuuliza umemjua wapi, anakwambia nilimuona kwa intaneti. Si mimi pia niko na tovuti? Yangu inaonwa na nani, kuku?"

Okwakol akalirudisha andazi kwenye sahani. Kwa mtu ambaye hakuwa amekunywa chai tangu jana, hilo lilikuwa jambo zito.

Mzee huyo aliitwa Methuselah Omuse, wakala wa forodha, mwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la mbolea. Quinter alikuwa wakala mwenzake, ng'ambo ya barabara. Quinter alishika simu ikilia na hakupoteza karatasi za watu, na hizo ndizo hila zake zote. Okwakol naye alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu, na laptopu iliyong'oka herufi tatu. Alikuwa Malaba kwa wiki mbili, na tayari waendesha boda walikuwa wameanza kumuulizia zile leseni za haraka alizowauzia. Alihitaji kuondoka mjini kabla ya jioni, na si kwa miguu, maana miguu yake ilikuwa inajulikana.

"Mzee, samahani naingilia," alisema, akigeuza kiti. "Hiyo shida yako si ugonjwa. Ni kibao tu kimeangalia mahali pabaya."

"Kibao gani?"

"Jina la tovuti ni kibao, mzee. Nyumba yenyewe inaitwa seva, na kila seva iko na nambari. Kuna daftari mahali limeandikwa, jina hili linaishi nambari hii. Sasa mimi nikifuta nambari ya Quinter, niandike yako, mteja akiandika Quinter anabisha kwako."

"Na Quinter mwenyewe?"

"Quinter atafagia nyumba, atapika chai, atangojea wageni mpaka chai ipoe."

Mzee Methuselah alicheka hadi akashika meza. Kisha akaagiza andazi la pili, kwa ajili ya mgeni.

Haki ya mambo isemwe. Kazi hiyo ipo, tena ni ya halali kabisa. Mtu akihamia seva mpya hufungua daftari la jina lake mwenyewe, akabadilisha nambari, akangoja habari isambae. Lakini daftari la Quinter lilifungwa kwa paswadi ya Quinter, na Okwakol hakuijua. Wala hakuwa na haja nayo. Wewe ukitaka kumwonyesha mtu kwamba umehamisha mlima, si lazima uuguse mlima. Mgeuze yeye kichwa.

Hakuomba pesa. "Pesa inaleta maneno, mzee," alisema walipokuwa wakipanda ngazi. "Mimi nitachukua tu hiyo pikipiki nyekundu iko hapo chini. Ukiisha kuona kwa macho yako, unaiandikisha kwa jina langu, tunapeana mkono."

Ndani, msichana wa ofisi aliacha kuchapa. Aliitwa Trizah Nanjala. Kwa miaka sita ndiye aliyebeba mafaili kwa pikipiki hiyo, jua na matope, na kila mwaka mzee alimwambia, Krismasi ikifika ni yako. Krismasi zilifika zote. Aliyekuwa hafiki ni mzee.

Okwakol hakumtazama mara mbili. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kisanduku cha waifai ukutani, akakigeuza, akasoma paswadi iliyobandikwa chini yake tangu kiwandani, akaingia. Kisanduku kama hicho nacho kina kijidaftari chake kidogo. Simu na kompyuta za ofisini hukiuliza hicho kwanza, jina fulani linaishi wapi, na kikizidanganya hazina habari. Akaandika humo jina la tovuti ya Quinter, na mbele yake nambari ya seva ya Mzee Methuselah. Kazi ya dakika nne. Akaitumia saa mbili, akikunja uso, akisema "hii ngumu imekataa," akijifuta jasho ambalo halikuwepo.

"Andika Quinter," akamwambia Trizah hatimaye.

Trizah akaandika. Kompyuta ikatoa onyo jekundu, kwamba mahali hapa si salama.

"Hilo ni wivu wa mashine," alisema Okwakol. "Bonyeza endelea. Likikuja tena, endelea tu."

Na hapo, chini ya jina la Quinter, pakatokea uso wa Mzee Methuselah na tai yake ya harusi ya mtoto wa dada yake. Mzee akasimama. Akakaa. Akatoa simu yenye laini ya Uganda, ile anayowapigia watu wa ng'ambo, akaandika. Huko Quinter alikuwa bado Quinter, anatabasamu.

"Na huyu?"

"Hiyo ni laini ya Uganda, mzee. Jina ni kama trela, linapanga foleni hapo mpakani. Saa arobaini na nane litakuwa limevuka."

Mtu wa Malaba utamwambia nini kuhusu foleni? Mzee aliitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa neno la Mungu.

"Kumbe jina lolote laweza kuelekezwa hivyo?" aliuliza Trizah kwa upole.

"Lolote, dada. La benki, la serikali, la shule. Ni kujua tu pa kuandika." Kisha, kwa kuwa sifa ni tamu na chakula kilikuwa kinanukia chini, akamwonyesha kabisa mahali penyewe, hapa jina, hapa nambari.

Wakaenda kula. Kuku, ugali wa wimbi, na maji ya chupa kwa heshima ya mtaalamu. Wakakawia, na Trizah hakuwa mvivu. Tovuti ya Mzee Methuselah, hiyo isiyoonwa hata na kuku, ni yeye aliyeitengeneza. Akachukua nakala ya ukurasa wa serikali wa kuandikisha vyombo vya moto, akaupaka maneno mapya, akauweka kwenye seva ileile ya mzee. Halafu akakigeuza kisanduku, akasoma chini yake, akaongeza mstari mmoja.

Waliporudi wakichokonoa meno, alikuwa tayari, simu yake mwenyewe mkononi, bando lake mwenyewe likiwaka, si waifai ya ofisi.

"Mzee, nikuandikie?" Mzee Methuselah hakuwahi kugusa kibodi, aliamini vidole vya bosi ni vya kuonyesha.

"Andika. Mpe kijana haki yake."

"Kaka, kitambulisho." Okwakol akasoma nambari zake. Trizah akachapa kwenye simu yake nambari nyingine, anazozijua kwa moyo.

"Mzee, kuna nambari ya siri imeingia kwa simu yako. Isome."

Mzee akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kama anayetangaza mshindi. Na kweli alikuwa anatangaza.

"Imekubali," alisema Trizah, akigeuza kioo cha kompyuta. Onyo jekundu, endelea. Maandishi ya kijani: pikipiki imehamishwa kwa Okwakol.

Okwakol hakuwa mjinga. Alitaka kuona kwa simu yake mwenyewe. Lakini Malaba kila mtu huzima data, kwa sababu simu ikiteleza tu ikashika mtandao wa ng'ambo, salio linalambwa kama sahani ya asali, na Okwakol alikuwa ameomba waifai ya ofisi kabla hata ya kuuliza hali za watu. Akaandika jina la tovuti ya serikali. Onyo jekundu, endelea. Jina lake lilikuwa pale. Hata hakuombwa paswadi. Akaona, ah, serikali imeanza kunijua.

Akaunyosha mkono kwa laptopu yake.

"Kaka," alisema Trizah, "si hiyo mashine ndiyo inasukuma jina livuke? Ukienda nayo, si litakwama kwa daraja?"

Mzee akageuka. "Kumbe? Wacha hiyo kitu hapo."

Okwakol akapima: herufi tatu zilizong'oka, na magurudumu mawili yaliyo hai. "Nilikuwa nataka tu kuipanguza vumbi," alisema, akaipanguza kwa shati.

Akatoka Malaba akipuliza mluzi, akapita Busia bila kusimama, akashika njia ya Butula. Karibu na soko, askari wa barabarani alimpungia mkono. Okwakol aliegesha kwa madaha ya mtu mwenye mali.

"Ya nani?"

"Yangu, afande. Nimeandikishiwa leo."

Akawasha data, sasa mpaka ulikuwa mbali, akafungua ukurasa. Hapakuwa na onyo jekundu, wala maandishi ya kijani. Ukurasa ulimuuliza yeye ni nani, na paswadi yake ni ipi.

Afande alikuwa ameshaandika nambari ya pikipiki kwenye simu yake mwenyewe. Akasoma, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasoma tena.

"Wewe ndiye Trizah Nanjala?"

Katika maisha yake Okwakol alikuwa amekuwa injinia, daktari wa meno, mchungaji, na mara moja, kule Mumias, mjane mwenye watoto wanne. Alijitafuta kote kama angempata na huyo. Halafu akavua kofia ya pikipiki, akaiweka juu ya tangi, na kumpa afande ufunguo.