Sanduku Linalala Ugenini

Siku Marselino alipoliona Pijo la Ramniklal limekalia matofali nyuma ya duka, halina tairi hata moja, kuku ametamia kwenye kiti cha dereva, alivua kofia kama mtu anayepishana na jeneza. Asidhaniwe vibaya, hakuwa na huzuni. Alikuwa anafikiri, na kichwa chake kilihitaji hewa.

Ilikuwa ile miaka ambayo sabuni ilipangiwa foleni na petroli iliombewa kibali. Kahama nzima kila mtu alikuwa na nusu ya kitu. Ramniklal, mwenye duka la vitambaa na vyombo karibu na stendi, alikuwa na pipa la petroli chini ya magunia ya mbegu za pamba, siri kubwa ambayo kila mtu mjini aliijua na hakuna aliyeulizwa. Marselino alikuwa na Landrova. Aliinunua mnadani huko Geita mgodi wa wazungu ulipofungwa, na injini yake ilikuwa nzima kuliko dhamira ya mwenyewe, ila tangi lilikuwa kavu kama shingo ya mlevi asubuhi. Mwenye petroli hana gari, mwenye gari hana petroli. Watu wa kawaida wangekaa kitako, wakanywa chai, wakafanya biashara. Marselino hakuwahi kujishusha kiasi hicho.

Na Landrova hiyo ndiyo iliyokuwa unga wao. Ilipeleka wachimbaji machimboni na kuwarudisha, wengine na dhahabu, wengi na vumbi. Mkewe Zipora aliijua kuliko fundi: alijua iwake vipi ikikataa, na ibembelezwe vipi kwenye mlima.

Basi Marselino akazunguka mbele ya duka. Mlangoni, juu ya mkeka, alikaa Dhanbai, mama mzazi wa Ramniklal, akichambua dengu. Bibi huyu alizaliwa Shinyanga na alitukana kwa Kisukuma bila kukosea.

"Shikamoo, Mama Ramnik."

"Marahaba, nyanda." Nyanda ni kijana, na Marselino alikuwa na mvi, lakini hakulalamika. "Kama ni sukari, haipo. Kama ni sabuni, haipo. Kama ni kusalimia, kaa."

"Nimekuja kwa ajili ya watoto, Mama. Nasikia wanalia wapelekwe mbugani shule zikifungwa."

"Wanalia tangu mwaka juzi. Wewe umesikia leo?"

"Nilikuwa safarini, Mama. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Napanga safari za familia za heshima."

Ramniklal alitoka ndani akifuta miwani. Mtu huyu aliwaahidi watoto wake safari ya mbugani kila mwaka, na kila mwaka kilitokea kitu: mara vita, mara tairi, mara Pijo lenyewe. Binti yake mkubwa, Jaya, alikuwa ameacha kumwita baba na kuanza kumwita "tutaona".

"Una gari?" akauliza.

"Gari ni jambo la mwisho, Baba Jaya. Kwanza ramani."

Marselino akavuta karatasi ya kufungia sukari, iliyokuwa haina kazi nyingine kwa wakati ule, akachora mstari. Kahama, Shinyanga, Mwanza, halafu kulia kuipita Magu, hadi lango la Serengeti.

"Hapa nyumbu. Wengi hadi unachoka. Hapa simba, amelala, hana neno na mtu. Tunakunywa chai. Halafu tunashuka jangwani."

"Serengeti kuna jangwa?"

"Lipo upande wa nyuma. Huko kuna kilima cha mchanga mweusi kinachotembea chenyewe."

Dhanbai aliacha dengu. "Kinatembea kwenda wapi?"

"Magharibi, Mama."

"Kuna nini huko?"

"Mimi sijakiuliza, Mama. Kina haraka zake." Akaendelea kuchora. "Halafu shimo la Ngorongoro, tembo wako chini kama kunguni kwenye bakuli. Halafu ziwa jekundu. Tunamalizia Moshi, kwenye mlima wenye barafu. Barafu ya bure, Mama, hakuna foleni."

Alieleza vizuri sana, hata Taramati, mke wa Ramniklal, alitoka jikoni na mwiko akasikiliza. Ukweli ni kwamba Marselino hakuwahi kupita Shinyanga. Mbuga zote hizo alizitembelea kwa kinyozi, kwenye kalenda ya ukutani, huku akinyolewa. Asichokijua ni kwamba kalenda ile iligawiwa wateja na duka hilohilo zamani, na kinyozi alikata jina la duka chini ili ienee ukutani. Dhanbai aliitazama kalenda ile jikoni kwake mwaka mzima. Alisikiliza nyumbu wa Januari, simba wa Februari, mchanga wa Machi, akajua anayesema naye hana safari yoyote kichwani, ana miezi tu.

Akanyamaza. Mtu mzima akinyamaza, kijana hudhani amekubaliwa.

Masharti ya Marselino yalikuwa ya kistaarabu. Petroli iingie kwenye Landrova mapema, ili injini izoee wazo la kwenda mbali. Sukari na sabuni, zile ambazo hazipo, na khanga vipakiwe pamoja, kwa ajili ya askari wa mbuga, watu wapole wanaopenda kusalimiwa kwa mkono ulioshika kitu. Yeye angelichukua gari Ijumaa kuliangalia breki, na Jumamosi wangeondoka. Mpango wake ulikuwa mfupi: breki zile zingeangaliwa Burundi.

"Jumamosi siyo siku njema," akasema Dhanbai. "Siku njema ni Alhamisi."

"Shule inafungwa Ijumaa, Ba," akasema Ramniklal, ambaye hivyo ndivyo alivyomwita mama yake.

"Najua. Tutaweka pastanu."

Marselino akauliza ni kitu gani hicho.

"Kwetu, siku njema ikifika na wewe huwezi kuondoka, unautoa mzigo mmoja nyumbani, unaenda kulala kwa mtu mwingine. Safari inahesabiwa imeshaanza. Siku ya kuondoka mnaupitia, mnaenda."

"Unalala kwa nani?" Marselino alijitahidi sauti yake iwe na usingizi.

"Kwa mtu tunayemwamini." Dhanbai akarudia dengu zake. "Hatuna mwingine karibu, labda ulale kwako."

"Na ndani ya mzigo huwa kuna nini?"

"Mambo ya wanawake. Mwanamume haulizi."

Hapo moyo wa Marselino ukaruka. Machimboni kote ilijulikana kwamba wake wa wenye maduka wana bangili za dhahabu za kujaza karai, na kwamba hawaziachi nyumbani wakisafiri. Nani aliyeziona hakuna aliyemtaja, lakini habari ilikuwa na umri mkubwa, na kwa Marselino umri ulitosha kuwa ushahidi.

"Na anayepokea," Dhanbai akaendelea akijikuna goti, "naye anaacha kwetu kitu chake, kile kikubwa kuliko vyote alivyo navyo. Kisiporudi hiki, hakirudi kile."

Nusu ya kwanza ya desturi hii ni ya kweli, wazee wake walivuka nayo bahari. Nusu ya pili ilizaliwa palepale mkekani, na haikuwa na wazee. Ramniklal alifungua mdomo amuulize mama yake ameitoa wapi. Taramati akamwekea kikombe cha chai mkononi, na chai ilikuwa ya moto, akafunga mdomo.

"Kitu kikubwa nilicho nacho ni Landrova," akasema Marselino.

"Basi ndiyo hiyohiyo. Si inaondoka hapa Jumamosi?"

Alhamisi alasiri akaitwa Maduhu, balozi wa nyumba kumi, mtu ambaye hajawahi kunywa chai ya maziwa bila kutoa hotuba. Alisimama kati ya Landrova na sanduku la bati lenye kufuli, akakohoa mpaka mtaa ukanyamaza.

"Ndugu wananchi. Sanduku likirudi, Landrova inarudi. Sanduku lisiporudi, Landrova hairudi. Kuna asiyeelewa?"

"Tumeelewa, ndugu balozi," akajibu Marselino, mkono kifuani, kama anaapishwa udiwani.

Sanduku lilipandishwa kwenye mkokoteni na wanaume wawili waliotoa macho. Njiani likalia ndani, chuma kwa chuma, ule mlio mzito wa kitu chenye thamani. Marselino alitembea pembeni ameliwekea mkono, kama mtu anayemsindikiza mama mkwe.

Zipora alikuwa uani akipepeta mchele. "Gari liko wapi?"

"Limelala kwa Mhindi."

"Limelala? Limekuwa mgonjwa?"

"Zipora, humu ndani kuna Landrova za kuziba barabara kutoka hapa hadi Isaka."

"Fungua nizione."

"Kufuli la kwao hili. Nikilivunja hapa, majirani watasikia. Tunaondoka kesho na lori la pamba. Funga vitu vyako."

Zipora akaendelea kupepeta. "Landrova nimeiona inatembea. Hilo nimeliona limefungwa. Wewe nenda na cha kwako."

"Utabaki na nini?"

"Nitabaki na jina zuri. Halijawahi kuliwa, lakini halivunjiki njiani."

Marselino akamwambia kwamba wanawake hawana macho ya mbali. Ijumaa asubuhi, mji ukiwa kwenye foleni ya sukari, yeye na sanduku wakapanda lori kwenda Ushirombo.

Huko alimtafuta mhunzi, nyuma ya soko, mzee aitwaye Bujiku, mwenye nyundo na asiye na maswali. Kufuli likavunjika kwa pigo la kwanza, jambo lililomuumiza Marselino kidogo kwa niaba ya dhahabu. Juu kabisa kulikuwa na nazi, popoo moja na mchele wa kiganja, vya kuibariki safari. Chini yake kitambaa chekundu. Chini ya kitambaa yalijipanga, makubwa kwa madogo, mawe ya mizani ya chuma, yale ya ratili ya enzi za mkoloni, yaliyokosa kazi tangu serikali iamuru watu wapime kwa kilo.

Bujiku aliokota moja, akaligeuza.

"Nimevunja makufuli ya kila aina ya mwizi," akasema. "Aliyeiba uzito mtupu ndiye wewe wa kwanza."

Marselino alichimbua hadi bati la chini. Akaivunja nazi pia, akatazama ndani. Halafu akakaa chini akaila, kwa sababu hakuwa amekula tangu asubuhi na nauli ya kurudi hakuwa nayo. Bujiku alikuwa mtu wa huruma. Alisema chuma kile cha zamani ni kizuri, na sanduku lingemfaa mkewe kuwekea unga. Kwa vyote viwili angempa ugali, mahali pa kulala na nauli. Wakashikana mikono. Mawe mawili yalikuwa yameshaingia motoni kabla ugali haujaiva.

Kuna vichwa ambavyo habari hufika kama behewa la mizigo: zinafika, lakini zimelala kwanza vituo vyote vya njiani. Lori lilikuwa limeshaukaribia mji wa Kahama siku ya pili yake, Marselino alipoisikia upya sauti ya balozi: sanduku lisiporudi. Akatokwa na jasho ambalo halikuwa la jua.

Dukani kulikuwa kumefungwa. Uani palibaki alama za matairi na Pijo na kuku wake. Akakimbia nyumbani, na nyumbani nako kumefungwa. Jirani yake Paskalina alikuwa mlangoni kwake anasuka nywele.

"Umemwona mke wangu?"

"Ameondoka asubuhi na akina Ramnik. Walikuja na balozi kulipitia sanduku lao, kwa adabu zote. Akawaambia limeshatangulia na wewe. Yule bibi hata hakushtuka. Landrova ilikuwa imewakatalia kuwaka, Zipora akaiwasha, bibi akamwambia basi panda, njiani itakataa tena." Paskalina akauma uzi wa kusukia. "Aliniachia ujumbe. Unga uko kwenye debe. Yeye amekwenda kuangalia barafu."

Walirudi baada ya majuma kadhaa, weusi kwa vumbi, wakiimba. Marselino alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka, na balozi Maduhu pembeni, kwa kuwa haki ni haki. Jaya aliruka chini wa kwanza.

"Mjomba Marselino, ule mchanga upo. Unatembea kweli. Na unaenda magharibi."

"Upo?" akasema Marselino. Ukweli pekee aliowahi kumuuzia mtu, aliuuza bila kujua.

Alidai gari lake. Balozi akamuuliza sanduku liko wapi. Marselino akasema sanduku lilikuwa na takataka. Balozi akamuuliza amejuaje, na desturi inamkataza mwanamume hata kuuliza. Marselino akaanza sentensi nyingi sana. Mwisho akaomba muda, akaenda Ushirombo kwa miguu na kwa kuombaomba, akakuta mawe ya ratili yapo mashambani, yamekuwa majembe, yanalima viazi.

"Hasira sina, nyanda," Dhanbai alimwambia aliporudi. "Kazi ipo. Mwanangu anaendesha gari kama anayeogopa kuliamsha. Mshahara utakuwa mdogo, lakini hutachelewa kuupata. Petroli nitaweka mimi."

Zipora, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka huohuo akinywa chai kama mwenyeji, alimtazama mumewe. "Kubali," akasema. "Au niombe mimi?"

Akakubali. Juma lililofuata Ramniklal alimtuma Isaka kuchukua marobota ya vitambaa yaliyoshuka kwa treni. Kwenye kizuizi cha barabarani alisimamishwa na askari aliyekuwa akimsimamisha miaka yote, tangu enzi za kubeba wachimbaji.

"Gari la nani hili, Marselino?"

Marselino alitazama usukani. Akatazama barabara. Uongo mzuri mzuri ulimjia wote kwa pamoja, kama kuku wanaoitiwa mtama, na kwa mara ya kwanza hakuchagua hata mmoja.

"La mama mmoja pale Kahama, afande. Mimi dereva tu."

Askari akazima redio yake, akaizunguka Landrova taratibu, akapiga boneti kwa kiganja. Halafu akamwamuru alisogeze gari pembeni na ashuke.

"Marselino, nakufahamu vizuri," akasema. "Utakaa hapa mpaka useme ukweli. Hili gari ni lako."