Upatu wa Maneno

Alhamisi, 30 Oktoba

Joto kali Luanshya nzima. Nimetangaza jambo mbele ya mke wangu na sasa siwezi kulirudisha.

Maktaba ya mji imebandika tangazo: andika riwaya yako ya kwanza mwezi wa Novemba. Maneno elfu hamsini, siku thelathini. Klabu yetu ya wasomaji, watu watano, tumejiandikisha wote. Nikamwambia Esnart nitahitaji meza. Meza yenyewe ndiyo anayoshonea. Na Novemba ndio mwezi wa sare za shule.

Akatoa pini mdomoni. Kisha akasema sawa. Habari za hiyo riwaya amezisikia miaka kumi na moja, harusini, misibani, hata siku anajifungua mwanetu Mapalo. Meza nitapewa mwezi mzima, yeye atashonea barazani. Tarehe thelathini atataka kusoma hadithi ya mumewe. Isipokuwepo, neno riwaya lisitamkwe tena chini ya paa hili, na mimi nibaki muuza rangi kama watu wanavyonijua.

Nimekubali kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Ijumaa, 31 Oktoba

Cherehani kimetoka, mimi nimeingia. Nimechonga penseli sita. Nimeandika kichwa cha riwaya. Nimekifuta. Mstari wa kwanza hauji.

Mchana wanawake wa chilimba, ule upatu wao, wamekuja kumletea Esnart zamu yake. Wako kumi, kila mmoja hutoa kidogo, mmoja huondoka na fungu zima. Nimewatazama dirishani. Hapo ndipo wazo liliponijia. Nikalazimika kukaa chini, ingawa nilikuwa nimekaa tayari.

Klabuni tuko watano. Kila mtu anatakiwa kuandika maneno 1,667 kwa siku. Kwa nini kila mtu ahangaike peke yake? Tumwandikie mmoja wetu sote kwa siku sita, riwaya yake imekwisha. Siku sita zinazofuata, mwenzake. Watano mara sita ni thelathini. Imegawanyika bila kubaki hata siku moja. Upatu wa maneno!

Jioni tumekutana kwa Mama Chileshe. Yeye ndiye mweka daftari wa kila chilimba mtaani na mwimbishaji wa kwaya, kwa hiyo kalamu tukamwachia yeye. Silwamba, fundi wa majeneza, kasema yeye hana neno. Mwape, mkunga wa zahanati, kasema ilimradi asiulizwe maswali akiwa zamu. Aliyeleta shida ni Jere tu. Mngoni, dereva wa treni mstaafu, mtani wangu.

"Kaeni macho," akawaambia. "Mbemba hagawi kitu ambacho hajakionja."

Nikamjibu kwamba mtu aliyelelewa kwa supu ya panya hawezi kuelewa hesabu kubwa. Watu wakacheka. Hoja ikapita.

Kura nilizikunja mwenyewe. Namba moja ilikuwa chini ya kidole gumba changu tangu nyumbani. Jere kapata namba tano, ya mwisho kabisa. Nimerudi nikitembea kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi.

Jumapili, 2 Novemba

Nimewagawia maelekezo. Shujaa ni Maxwell Bulaya, mpelelezi, anatafuta muhuri wa chifu ulioibwa. Kazi yao ni muhuri. Mimi, kama mwandishi mkuu, nimebaki na mwanzo.

Nimeandika kurasa mbili. Maxwell yuko kwenye maonyesho ya kilimo na amekosea kufunga vifungo vya shati. Dada mmoja anamwona. Muhuri bado haujaibwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Imekwisha! Riwaya! Juzi nilikuwa sina kitu, leo nina rundo la karatasi linalosimama lenyewe mezani. Maneno 41,108. Ya kwangu ni 1,108, kurasa nne, bado shati. Pengo lililobaki nitalijaza nikitulia. Esnart hahesabu, anasoma.

Baada ya chakula nimeisoma. Yafaa niandike ukweli, hii ni shajara yangu.

Kwa Jere, Maxwell anapanda treni na hashuki. Kurasa thelathini na nane za treni. Kwa Mama Chileshe, anaokoka mara tatu na kuimba beti zote. Mwape anampima shinikizo la damu kila anapofika mlangoni mwa mtu, kisha anamzalisha mama mapacha. Silwamba amemuua Maxwell ukurasa wa pili, akamchukua vipimo, akaeleza mbao, misumari na rangi ya vanishi. Maxwell kisha anaonekana treni ikifika Ndola, mzima wa afya.

Muhuri wa chifu haujatajwa na mtu.

Hata hivyo ni riwaya. Nimeifunga kwa kamba na kuiweka juu ya kabati. Miaka kumi na moja! Nimepumua hadi nikasikia njaa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Upatu unataka kutoa pia.

Zamu ni ya Mama Chileshe. Riwaya yake ni ya mjane mcha Mungu wa Mufulira. Nilitakiwa kumpelekea maneno 1,667 ya mjane huyo. Sikuwa na hata moja. Dukani nikachukua mkebe wa rangi, nikanakili maelezo yake, nikamtia mjane ndani. Mjane alikoroga vizuri kabla ya kutumia. Mjane alingoja saa nne kabla ya tabaka la pili. Mjane aliepuka moto.

Mama Chileshe amenirudishia karatasi kabla hata chai haijachemka. Akasema yeye ana umri wa kunizaa na si wa kufanyiwa mchezo. "Baba Mapalo, mimi mtu akila asitoe, nafuata alichokula mpaka ndani." Anamaanisha. Mwaka jana nilimwona kwa macho yangu akitoka nyumba ya jirani na wenzake, wamebeba kochi, wanaimba.

Nimeangalia kochi letu. Ni zuri, lina maua. Esnart alilichagua mwenyewe.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepata njia. Juu ya kabati kuna maneno elfu arobaini yaliyolala bure. Mama Chileshe hajawahi kusoma majeneza ya Silwamba. Nimenakili msiba mzima kwa mwandiko wangu, marehemu nikamfanya mume wa mjane. Amenipigia simu kunishukuru. Kasema amelia, na kwamba hakujua nina moyo wa namna hiyo.

Nilipoweka simu chini nilijiona mtu mwema kabisa.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua ya kwanza. Imeingia barazani upande upande. Sare kumi na mbili zimelowa. Esnart amezikamua moja moja bila kunitazama, akasogeza cherehani karibu na ukuta, akaendelea. Nilitoka kumsaidia. Akasema nirudi mezani, nisije nikapoteza wazo.

Mezani nilikuwa nanakili vipimo vya jeneza. Nimeona aibu. Nimeiona kwa muda mrefu kidogo, kisha nikaendelea, maana ilikuwa bado maneno mia tisa.

Jumatano, 19 Novemba

Zamu ya Silwamba imepita salama. Nilimlipa kwa uzazi wa Mwape. Fundi wa majeneza amefurahi, kasema hakuna aliyewahi kumpa mtoto mchanga kitabuni. Leo imeanza zamu ya Mwape. Yeye anapata wokovu wa Mama Chileshe. Ameuliza tu kwa nini wauguzi wake wote wanaimba sauti ya pili.

Mkono umevimba. Kunakili maneno 1,667 kila siku baada ya kazi ni adhabu. Nadhani ni kazi kubwa kuliko kuandika. Sijawahi kulinganisha.

Jumatatu, 24 Novemba

Kesho ni zamu ya Jere. Nimepanda juu ya kiti kuangalia kabatini. Majeneza yametumika. Mapacha wametumika. Wokovu umetumika.

Zimebaki treni tu. Treni za Jere.

Jumanne, 25 Novemba

Nimelitatua. Jere ana miaka sabini na moja, miwani yake ina ufa, na aliandika zile kurasa mwanzoni mwa mwezi. Popote palipoandikwa treni nimeandika basi. Nimepeleka. Daftari limewekwa alama. Nimekula nshima na dagaa wa kapenta kwa raha ambayo sijaiona wiki nzima.

Jumatano, 26 Novemba

Jere (leo simwiti kwa Ba ya heshima) amekuja dukani amevaa kofia yake ya zamani ya kazi. Kulikuwa na wateja. Amesimama katikati ya mikebe, akafungua karatasi.

"Mtani, nimeendesha miaka thelathini na miwili. Nieleze taratibu, mimi mzee. Basi lako lina mabehewa kumi na manne?"

Nikasema ni basi la kisasa.

Akasema sawa, maendeleo hayazuiliki. Lakini hili basi linasimama nje ya stesheni ya Kapiri likingoja lipewe njia, na dereva wake anaitwa Jere. Akataka kujua kama abiria wameshaanza kuogopa au bado.

Mteja aliyekuja kununua lita nne za rangi ya krimu alikaa chini kwa kucheka. Bosi wangu pia. Nilijaribu kusema kwamba watu wawili wanaweza kufikiria kitu kimoja. Jere akasema ndiyo, ila mmoja wao hafikirii.

Kanitoza faini ya utani papo hapo: jogoo mmoja, na nitamke mbele ya wateja kwamba Wangoni ndio waliotufundisha Wabemba kusoma. Nimetamka. Kwa sauti ndogo. Akanitaka nirudie.

Nilitumaini yataishia hapo. Jioni daftari la Mama Chileshe likawa limeshafunguliwa.

Ijumaa, 28 Novemba

Wamekuja wote wanne. Mama Chileshe mbele, anaimba. Nimesimama mbele ya kochi na kunyoosha mikono, nadhani nilisema kitu kuhusu watoto.

Mama Chileshe akanipita. Akasema hakuja kwa kochi. Mimi sikula kochi.

Wameichukua riwaya. Wamekaa barazani, miguuni pa Esnart na cherehani chake, wakafungua kamba, kila mtu akachambua kurasa zake. Silwamba alikunja majeneza yake kwa heshima. Katika kuchambua wakagundua mapacha wako kwa Silwamba na wokovu uko kwa Mwape, ikawa kelele, wanauliziana nani ana cha nani, kisha wakaanza kusomeana wenyewe kwa wenyewe na kucheka. Esnart akawapa munkoyo, togwa letu la huku. Walikaa saa mbili. Ilikuwa kama sherehe, ila mimi sikualikwa.

Wakati wa kuondoka Jere akanipiga begani. "Pole, mtani. Umeibiwa na wenye mali."

Kochi limebaki. Nimelikalia nikishukuru. Halafu nikakumbuka tarehe.

Esnart amerudi kwenye cherehani. Mashine yake inatembea tu. Kama angenigombeza ningejua nijibu nini. Nitakuwa muuza rangi. Kuna watu wengi wanauza rangi na wanaishi. Lakini nilipofikiria kukaa harusini na kuulizwa unafanya nini siku hizi, niliinuka nikazichonga upya penseli zote sita.

Jumapili, 30 Novemba

Baada ya kanisa Esnart amevua viatu, akanawa mikono, akakaa mezani. Meza yake. Akasema amekuja kusoma.

Nikamwambia hakuna. Akasema alihesabu watu waliobeba karatasi juzi, ni wanne. Wa tano alibaki na nini?

Nimempa kurasa nne. Nikaenda kusimama mlangoni ili niwe karibu na nje.

Amesoma. Amerudia. Nikasikia anacheka kwa pua, jinsi anavyocheka akiwa hataki.

Akauliza kama Maxwell ataongea na yule dada au ataondoka na vifungo vyake vilivyopinda. Nikasema sijaamua. Akasema yeye anamjua Maxwell mmoja aliyeondoka. Alikaa miezi mitatu, kisha akaja kwa fundi na suruali aliyoichana mwenyewe kwa wembe, akasema ni msumari.

Kumbe alijua kuhusu wembe wangu. Miaka kumi na mitatu alijua.

Kisha akasema, taratibu, hii ndiyo ya mume wake. Zile nyingine hakuzitaka hata kidogo, alizipekua juu ya kabati tangu wiki ya kwanza, treni zilimchosha. Anataka kujua kinachofuata. Hajali maneno elfu hamsini. Nusu ya meza irudi kwake, nusu nibaki nayo Desemba yote, na kila jioni nimpe ukurasa mmoja. Mmoja tu, wa kwangu.

Nimetoka uani nikasimama karibu na mapipa ya maji. Nimelia kidogo. Mimi ni mwandishi. Nimeambiwa na msomaji.

Jumatatu, 1 Desemba

Cherehani kiko upande wake, mimi upande wangu. Tumekaa hivyo tangu saa kumi, vizuri sana. Ukurasa wa tano hauji.

Sikuhangaika kwa muda mrefu. Nimetoka mara moja kwenda kwa katibu wa chama cha akina baba kanisani, nikaomba kuona orodha. Wanachama hai ni thelathini na mmoja. Desemba ina siku thelathini na moja. Kila mtu ukurasa mmoja, siku moja, basi! Ni watu wazima, wote walioa, kila mmoja anajua alivyomwendea mkewe mara ya kwanza. Hakuna zamu, hakuna kura, hakuna kulipana. Mwenyekiti amenipa dakika tano Jumapili baada ya matangazo.

Nimemwambia Esnart ukurasa wa leo utachelewa kidogo. Akatabasamu, akasema kazi nzuri haiharakishwi.

Moyo umetulia kabisa. Mimi mwenyewe simo katika wale thelathini na mmoja. Mimi ndiye mwandishi.